Dalu Ameimba Juu ya Muziki Wako

Kaka Kazungu,

Nisamehe, salamu nzuri nilizitafuta sikuzipata. Nakuandikia nikiwa na kinyaa cha kutema mate.

Unamkumbuka Dalu, binamu yako? Yule aliyekuwa akisimama dirishani pa chumba chako cha Mtopanga akitucheka, "Mnarekodi friji?" Basi sasa yeye ndiye msanii. Amechukua nyimbo zako nne, zile za synthwave, muziki wa mitambo usio na mwimbaji, ulizozihangaikia miaka mitatu kwa kinanda kikuukuu kilichotupwa na kanisa, akaimba juu yake. Wewe uliyekataa sauti ya mtu yeyote! Juzi nilikwenda kufunga spika hoteli moja Shanzu, nikaisikia "Changamwe Saa Kumi" inapigwa kando ya bwawa. Pale katikati ulipoacha kimya, pale ulipokuwa ukininyooshea kidole nisipumue, ndipo alipotia kelele zake: "Eeeh, njoo ufukweni beibi!" Na kwenye picha ya wimbo huo amevaa fulana ya mazishi yako, ile yenye picha yako, ameikata mikono aonyeshe misuli. Ptu!

Lakini anayenitia kinyaa zaidi ni mimi. Nani aliyemfungulia kompyuta yako? Ni mimi, Mwanaisha, mwanafunzi wako. Alikuja siku ya tatu baada ya kukuzika, macho mekundu, akasema anataka picha zako tu. Nikaandika neno la siri kwa mkono wangu huu, nikaenda kumchemshia chai. Chai, Kaka! Niliporudi alikuwa keshachomeka flashi. Nikaona, nikanyamaza, eti nisizue fujo matangani.

Kazi yako moja hakuipata, maana ilikuwa kwenye simu yangu. Ile ya mwisho, uliyonitumia ukiwa hospitali, ukaniambia, "Isha, hapo mwisho bado sijajua naelekea wapi." Wiki hii akaja kuitaka. Ataimalizia, asema, na jina langu atalitaja. Nilimfukuza kwa maneno ambayo marehemu haandikiwi.

Jana nikaenda Kiembeni kwa mama yako, nikamweleza yote, na habari ya chai pia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema, "Hebu nipigie hiyo." Mama yako, aliyekuwa akitaka mlango ufungwe asisikie! Akaketi, mikono mapajani, akasikiliza. Ilipokatika akawa bado anangoja.

"Mbona imenyamaza?"

Nikamwambia hapo ndipo ulipofika.

Akajifuta uso kwa leso. "Basi na watu waisikie mpaka hapo hapo alipofika."

Leo asubuhi nimeiweka mtandaoni, jina lako peke yake. Watu washaanza kuniandikia kwamba faili ni bovu, nirekebishe. Na Dalu naye ameandika, ananicheka, asema sijui kazi. Mwache acheke.

Kwa sababu nikwambie kitu, Kaka, na nakwambia wewe tu. Mwisho wake naujua. Ulinifundisha vizuri mno. Tangu siku uliponitumia nausikia kichwani, noti kwa noti, na kinanda chako kiko hapa mbele yangu, na vidole vinaniwasha.

Sitaucheza. Nakuahidi, maisha yangu yote sitaucheza.

Pumzika, mwalimu wangu.

Isha