Kibao cha Nyumba ya Kusikiliza

Kikula, Likasi

Yaya wangu mpendwa, uliyenitangulia kuzaliwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Kalemie. Mgongo wa mama unaendeleaje? Watoto wamepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka nilikwambia masista wamefungua nyumba hapa Kikula kwa watu wenye mawazo mazito: wajane, vijana waliomaliza shule na kukaa bure, wake ambao waume zao wanarudi kutoka kiwandani na hasira. Sisi tunaofanya kazi humo tunawapa chai, nao waseme yanayowaumiza. Basi Sista mkubwa akapaka kibao kwa mkono wake, herufi za buluu: NYUMBA YA KUSIKILIZA.

Kusikiliza, yaya, katika nchi hii. Nani asiyejua kazi ya watu wanaosikiliza, kisha wakapeleka maneno kwa wakubwa? Sokoni wanawake wananyamaza nikipita. Mama muuza dagaa, niliyekuwa nikitaniana naye kila siku, sasa ananiita "citoyenne", raia, kama tuko ofisini. Nikamwomba Sista tubadilishe neno. Akasema neno ni jema, kwao Ulaya ndilo linalotumika, watu watazoea. Miezi inapita na chai inapoa.

Amekuja mmoja tu, jirani yangu anayeitwa Mujinga, aliyezika mtoto wake wa kwanza wakati wa mvua. Tangu hapo halali, hali chakula. Aliingia kwa mlango wa nyuma, hakugusa kiti.

"Tantine," akaniuliza, "maneno ya hapa inaendaka wapi?"

Nikamwambia hayaendi popote. Akatoka kwa mlango ule ule.

Basi nikamfuata kwake na fungu la sombe. Tukachambua majani hayo ya muhogo, sikumuuliza kitu. Kesho yake alilia, halafu akataja jina la mtoto. Nimekuwa nikienda hivyo kila asubuhi, na juzi alikula matonge ya bukari pamoja nami. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Sista amejua. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema nimeacha kiti changu kitupu. Kuanzia Jumatatu nikae pale mpaka jioni. Nikamwuliza Mujinga atabaki na nani. Akajibu mlango uko wazi kwa wote. Yaya, nilitamani kung'oa kile kibao kwa meno.

Na sisi wafanyakazi, nani atusikilize? Mwenzangu wa jikoni analia akiosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Mimi usingizi umenikimbia.

Nisalimie mama, shemeji wa reli, na mjomba fundi cherehani. Mwambie gauni alilonishonea bado linanikaa.

Barua hii anakuletea binamu yetu mkononi. Ukishaisoma, iwashie makaa ya mbabula. Ukijibu kwa posta, usimtaje Mujinga, maana wapo watakaoifungua kabla yangu. Niulize tu kama mahindi yangu yanaota. Nitajua unamwulizia yeye.

Mdogo wako anayekukumbuka sana,
Kabamba