Alama ya Meno ya Mbuzi kwenye Siti ya Nyuma

Alhamisi. Upepo tangu alfajiri, huu wetu wa mwezi wa saba unaopita kila nyumba na kubeba kila kitu cha watu: pumba za alizeti, manyoya ya kuku, leo mpaka khanga ya jirani. Mikono yangu inanuka tina ya kuyeyushia rangi hata baada ya kula. Mwili umechoka, na moyoni nina furaha mbaya. Naiandika hapa kabla haijapoa.

Huwa nawaambia watu kwamba mimi sina kinyongo. Nina maneno mengi, nina kelele, lakini kinyongo sina.

Nilikuwa nawadanganya.

Kwa anayepita kwenye shajara hii mara ya kwanza: nina pikipiki ya safari, kubwa, ya zamani, yenye masanduku mawili ya bati pembeni na tangi la kukufikisha mbali. Kuanzia Manyoni mpaka Shelui hakuna nyingine kama hiyo, na anayebisha alete yake tupime. Niliipata hapo hapo Shelui, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anaizunguka Afrika nayo. Klachi ikamfia kwenye maegesho ya malori, yeye akapanda basi, mimi nikabaki na chuma. Naiita Mtalii. Siku hizo nilikuwa utingo. Shule niliishia darasa la saba, yaliyobaki nimefundishwa na barabara: Tunduma, Lusaka, Lubumbashi, Kigali. Naweza kuomba chai kwa lugha sita na kugombana kwa nane.

Mtu ninayemwandalia kisasi ni shemeji yangu Eliya, kaka mkubwa wa mke wangu, kule Kinampanda. Kwa umri tunalingana, lakini baba mkwe alipofariki yeye ndiye aliyekalia kiti cha mzee, basi shikamoo yake nampa. Mimi ni Mnyaturu wa Mwankoko niliyeoa kwa Wanyiramba. Ukweni ukikanyagwa kidole unauliza kama aliyekukanyaga hajaumia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mwaka juzi tulikwenda kwenye ibada ya kumbukumbu ya huyo mzee. Mtalii wakati huo alikuwa na hali mbaya, siwezi kukataa. Rangi imebanduka, tangi lina kutu, bomba la moshi linakohoa kama mvuta tumbaku. Lakini alitufikisha, mimi na mke wangu na kuku wawili wa zawadi. Nikamwegesha mbele ya nyumba kama mtu anavyoegesha chombo chake.

Tulipotoka kula chini ya turubai, Mtalii hayupo.

Nilizunguka boma zima kama niliyepotelewa na mtoto. Nauliza huyu, nauliza yule, wageni wa heshima waliotoka Dodoma wananitazama. Nikamkuta nyuma ya zizi la mbuzi, amefunikwa magunia ya pumba. Na mbuzi, kwa kuwa magunia yalikuwa na pumba, walikula pumba, wakala magunia, wakaendelea na siti. Siti ya nyuma ilikuwa imetafunwa, sponji iko chini kila mahali.

Eliya akaja na kundi lake la wageni. Akasema mbele ya wote, "Shemeji, usituone wabaya. Tuliuhifadhi mzoga usije ukawanukia watu."

Watu wakacheka.

Na mimi nikacheka. Ukweni unacheka. Lakini kicheko kile hakikutoka chote, kingine kilibaki humu kifuani na kimekaa mwaka juzi, mwaka jana, mpaka leo.

Aliyekuja nyuma ya zizi baada ya wale kuondoka ni mmoja tu, Naomi, binti yake Eliya. Alikuja na sahani ya pilau, akaketi na gauni lake la kanisani juu ya jiwe, tukala wote. Kisha akaanza kuokota vipande vya sponji kwenye majani, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa unga na kunipa. "Anko, utamshona," akasema. Mimi nikaufungia ule mfuko kwenye sanduku la pembeni. Si kwa kushona. Niliuhifadhi kama ushahidi.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza kazi. Kila nilipopata nafasi kwenye biashara yangu ya vitunguu, nilikuwa uani na Mtalii. Kabureta niliifungua na kuisugua kwa mswaki mpaka mke wangu akauliza mswaki wa nani. Sahani za klachi zilitoka Kampala, kwa dereva tuliyewahi kulala naye chini ya lori moja. Vali nilizirekebisha kwa sikio, kama nilivyoona wanafanya Lubumbashi. Breki, cheni, nyaya, vyote. Nikipiga stati sasa hivi, hakohoi tena. Anaunguruma kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba.

Halafu rangi. Hapo ndipo kiburi changu kilipotaka kunivunjikia mkononi. Kukwangua ile ya zamani kwa msasa na maji ya sabuni ni kazi ya kumfanya mtu aokoke. Mafundi wa mjini waliniambia rangi haipulizwi uani Singida, upepo utakuchapa. Nikawaambia mimi nimefika Lusaka. Nikapuliza tangi asubuhi tulivu kabisa, likang'aa, nikaita majirani. Kabla ya chai upepo ukaamka, na tangi langu likavaa pumba za alizeti kama kitumbua kilichoangukia mchangani. Nikarudi kwenye msasa. 

Safari ya pili nikashusha chandarua chetu cha kitandani, kile kikubwa, nikakifunga kwenye miti minne uani, chini nikamwagia maji vumbi lilale, nikaingia ndani na bomba la rangi kama bwana harusi. Mbu walitula usiku ule, lakini rangi ilishika. Ni njano. Njano ya alizeti iliyochanua, ile ambayo hata ukifumba macho bado unaiona. Niliichagua kwa ajili ya Eliya. Rangi ambayo haifunikiki kwa gunia.

Siti ya mbele nilimpa fundi akaishona upya. Ya nyuma nilimkataza asiiguse. Meno ya mbuzi yako pale pale, ngozi imechanika, kingo zimekakamaa. Watu wananiuliza kwa nini chombo kizuri hivi kina kidonda. Nawaambia subirini.

Sasa sikiliza leo.

Jumamosi hii Naomi anaolewa. Kamati ya harusi ilikaa, mimi sikuitwa. Sare ni zambarau, nimejua kwa sababu mke wangu ameshona yake. Kadi nililetewa kama mgeni wa Dodoma. Nikaendelea kung'arisha rimu. Nia yangu ilikuwa kufika na kuegesha Mtalii mbele kabisa, pale pale alipoondolewa, na nimkalie mpaka picha ziishe.

Mchana gari likasimama nje. Akashuka Eliya mwenyewe, kiatu kinang'aa, anatembea kwa kukwepa kuku.

Nikampa shikamoo yake. Adabu haijawahi kuzuia kisasi.

Akamzunguka Mtalii taratibu, mikono nyuma, kama mnunuzi mnadani. "Kumbe ilikuwa na rangi," akasema.

"Kila kitu kina rangi, shemeji, ukikisugua."

Akakohoa. Akauliza habari za vitunguu. Akauliza habari za mvua, mwezi wa saba. Mwisho akalitapika: Naomi ameona picha ya Mtalii ambayo mke wangu alimtumia, na amegoma. Kanisani atakwenda na Anko wake kwenye pikipiki au atakwenda kwa miguu. Mama yake amembembeleza, mchungaji amecheka tu, mpiga picha ndiye kabisa, anasema asipopata hiyo njano anarudisha kazi.

"Sasa shemeji," akasema, "isingewezekana ikawa zambarau?"

"Kamati haikunitaarifu."

Akatazama chini. Nakiri, shajara: nilichukua kitambaa nikapangusa tangi lisilo na vumbi, kusudi. Nilimwacha asimame juani na kiatu chake mpaka mke wangu akaona aibu akamletea kiti. Raha niliyoisikia pale, sijawahi kuisikia hata siku niliyovuka mpaka wa Kongo bila kusimamishwa.

Kisha nikampa sharti. "Naomi nampeleka, na mafuta ni yangu. Baada ya ibada bibi harusi ataingia kwenye gari na mume wake. Wewe utapanda hapa nyuma yangu. Tutatoka kanisani mpaka nyumbani, mwendo wa maandamano, na tutapita nyuma ya zizi."

"Nyuma ya zizi hakuna njia, Baba Tumaini."

"Ipo. Mtalii aliwahi kupitishwa."

Mke wangu akaingia ndani haraka, nadhani alikuwa anacheka. Eliya akamtazama Mtalii, akanitazama mimi, akaiona siti. Akapitisha kidole kwenye alama za meno. "Hii hukushona?"

"Hiyo ni ya kumbukumbu, shemeji."

Akacheka. Nikakitambua kile kicheko, kwa sababu kilikuwa changu. Kilitoka nusu. Akasema sawa, akanywa maji, akaondoka.

Nilimaliza. Nilishinda. Nilitamani kumpigia simu yule Mzungu.

Nikarudi uani nikamkuta mke wangu anaipapasa siti ya nyuma. Alipoinua mkono, ukingo wa ngozi ulishika khanga yake ukavuta uzi mrefu. Akautazama ule uzi. Akasema, "Na gauni la mtoto?"

Akaenda kuchambua mchele.

Nimekaa na hilo swali tangu saa zile. Siku zote hizi nimeilinda ile siti kwa ajili ya makalio ya Eliya, sikufikiri kwamba kuna mtu atakaa kabla yake. Naomi, na gauni jeupe, yule yule aliyeketi kwenye jiwe. Nikishona, Eliya atapanda siti nzuri kama waziri, na kisasi changu kitakuwa matembezi. Nisiposhona, yule mtoto atafika madhabahuni na nyuzi zinaning'inia.

Niliwaza kuweka gunia juu yake. Nikajicheka mwenyewe. Gunia.

Jioni mke wangu alileta kipande cha zambarau kilichobaki kwenye sare yake.  Mimi nikafungua sanduku la pembeni, nikautoa ule mfuko wa unga. Sponji ya ushahidi bado ipo, kavu, nyepesi. Tumeshona foronya nene, tukajaza vile vipande vyote, imetoka laini kuliko siti ya mbele. Zambarau juu ya njano. Kusema kweli inapendeza, ila Eliya asisikie kwangu.

Hatukuigongomea. Ina kamba pembeni, inafungwa na kufunguliwa, na chini yake meno ya mbuzi yapo kama yalivyo. Nimeifunga kwa fundo letu la malori, lile la kushikia turubai kwenye milima ya Iringa. Halifunguki lenyewe, na anayejua kulifungua hapa ni mimi tu.

Mpango ni huu. Naomi atafika kanisani mzima, mweupe, hana uzi uliovutika. Ibada ikiisha, mbele ya wageni wa Dodoma, mimi nitainama nilifungue lile fundo, nimkaribishe shemeji akae.

Nitalifungua.

Mke wangu anasema sitalifungua. Amesema bila hata kuinua macho kwenye mchele. Basi Jumamosi tutajua kati yangu na yeye nani ananijua zaidi.