Skrini Niliyoambiwa Niiache

Tess, uko? Mtu nisiyemjua kagonga mlango, kavaa kaputula na baridi hii ya Ballarat, kakumbatia skrini iliyofungwa shuka. "Callum yupo? Mzigo wake huu."

Ni ileile, Tess. Ile ya kuchezea gemu niliyotaka kuinunua, hezi 144, yaani picha 144 kwa sekunde, bei ninayoimudu. Callum tunayepanga naye nyumba ndiye aliyeniambia, "Achana nayo, dada, ina mistari. Utalia."

Nikamuuliza yule mwenye kaputula kuhusu mistari, akacheka. "Mistari ipi? Callum kaijaribu mwenyewe, kaisifu."

Callum katoka chumbani, haniangalii. "Ule waya ulioniahidi jana, bado unaniazima?" Bila huo waya, skrini haifiki kasi yake.

Utalia, aliniambia. Ileile, Tess.

Nimeuchomoa kwenye skrini yangu nikampa. Nilishaahidi. Mashindano ya leo chezeni bila mimi, skrini yangu haionyeshi kitu bila waya.