Rangi ya Robine

Yaya Cyprien,

Siye hapa Kilibula tuko, mama anakusalimia, samaki ndagala ziko mingi.

Unaniuliza toka Bukavu juu ya nini wateja hawafike kwa robine yako ya maji, na kama tuipake rangi. Yaya, uliiweka karibu na bariere ya waasoda, pale askari wanafunga njia, ukasema ni usalama. Haukuuliza hata mwanamuke mumoja anapitaka wapi na bido yake ya maji. Wanachota mu ziwa, hata kama kule kuko kolera.

Muteja alibakia mumoja, Amandine, mutoto wako. Alisema, "Shangazi, maji ya papa yangu ndiyo safi." Alirudi jioni toka kule bila bido, nguo imepasuka. Mpaka leo hasemi na mutu.

Ile rangi, ilete weye mwenyewe. Umuulize Amandine anapenda gani.

Dada yako,
Pétronille