Damu ya Kulinganishia

Jumatatu, 16 Juni

Mashine mpya ya maabara imepata joto. Nimemchoma Baraka sindano, kama kila asubuhi. Kabla ya kupima damu ya mgonjwa sharti nipime ya mtu mwenye afya, nilinganishe, nijue mashine haisemi uongo. Baraka ndiye aliyejitolea. Dereva wetu wa ambulensi, mtu wa bara, kifua kama mlango wa ghala, anajisifu kuwa damu yake ni "original". Mistari yake yote miwili imepanda. Alhamdulillahi.

Mashine ya zamani huzihesabu tu chembe sahani, zile punje za damu zinazokimbilia kidonda na kushikana ili kukiziba. Hii mpya inazichokoza kwa dawa mbili, moja moja, ione kama zitashikana. Zikishikana mstari unapanda. Zisiposhikana mstari unalala. Mtu aliyeumia vibaya aweza kuwa na chembe tele na zote zimelala. Hesabu inasema sawa, huku damu inamwagika.

Tumeazimwa kwa majaribio. Ikishindwa itarudi Nairobi, na mimi nitabaki na aibu yangu. Sipendi kutazamwa nikijifunza.

Jumanne, 17 Juni

Kijana wa pikipiki kutoka Bongwe. Kichwa, mbavu, damu puani. Muuguzi akachota damu, akaiweka kwenye friji, kwa nia njema. Nilipoikuta ilikuwa imekwisha kuwa baridi. Haifai.

Nimesema mara ngapi? Damu hii ni bibi harusi: haitikiswi, haipozwi, haicheleweshwi. Nikafoka mbele ya watu. Najuta kufoka, lakini kijana alipelekwa Mombasa bila majibu yangu.

Daktari Njeri alikuwa mlangoni. Ndiye daktari wetu wa upasuaji. Aliitazama mashine kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua ataondoka lini.

Baraka hayupo. Ambulensi inalala upande wa Ramisi wiki hii, kwa ajili ya msimu wa miwa. Matrela yanajazwa kupita kiasi na ajali ni nyingi. Mdogo wangu Athumani yuko huko huko akikata. Namwombea kila nikisikia king'ora.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbaya.

Baraka kaja asubuhi, nimempima. Mstari wa kwanza umelala. Nimerudia. Umelala. Wa pili umepanda kama kawaida. Nikamuuliza kama amekunywa dawa yoyote, maana dawa za maumivu za aina ile ya aspirini huzilaza chembe siku kadhaa. Akacheka. "Dawa? Mimi? Zii, Siti, niko fiti kabisa."

Basi ni dawa ya kupimia iliyoharibika. Umeme ulikatika jana usiku, pengine ndiyo sababu. Nimemweleza Daktari Njeri. Amesema nisimletee jibu lolote la mashine hadi fundi aje wiki ijayo. Ana haki. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Kichwa kinaniuma tangu adhuhuri. Sijanywa dawa. Najihisi kama nimeshikwa nikiiba.

Ijumaa, 20 Juni

Ni usiku, nimechoka. Naandika hivyo hivyo.

Wanaume walikuwa wameanza kwenda msikitini. King'ora. Baraka akashuka, akaja moja kwa moja kwangu badala ya kufungua mlango wa nyuma. Nikajua kabla hajasema.

Athumani. Trela la miwa limepinduka, naye alikuwa amekaa juu. Paja limevunjika, tumbo limejaa damu. Daktari akasema ni bandama. Alikuwa mweupe midomoni. Alinitazama lakini sidhani aliniona.

Sikulia. Nilichota damu yake mwenyewe, nikaibeba mikononi kama yai. Hesabu ya chembe: nzuri. Mashine nikaiwasha pia, ingawa nilikatazwa. Mistari yote miwili imelala. Miwili. Bapa kabisa.

Nikakimbia kwa Daktari Njeri. Alikuwa ananawa mikono. Nikamwambia chembe zake hazifanyi kazi, tuagize chembe Mombasa kabla hajamaliza kumfungua. Akasema taratibu, "Siti, jana uliniambia mashine ni mbovu." Kweli nilimwambia. Akaongeza kuwa chembe zenyewe hazihifadhiki siku nyingi, Mombasa nako wanazo chache, haziombwi kwa kubahatisha. Na dada wa mgonjwa huona anachokiogopa. Hilo la mwisho hakulisema. Nililisema mimi moyoni.

Nikatoka. Mama alikuwa amefika, kakaa kwenye benchi la korido, leso imegeuzwa nje ndani. Nikampa shikamoo, sijui kwa nini, mdomo ulijiendea tu. Nikamuuliza kama Athumani anatumia dawa yoyote.

"Hatumii dawa, mwanangu. Athumani hajapata kuumwa."

Hata kidogo, Mama? Ya kichwa? Ya mgongo?

"Aa, dawa hanywi. Asubuhi hunywa chai yake na kile kidonge kwa Bi Saumu, kama wenziwe wote. Mtu atakataje miwa bila kidonge?"

Bi Saumu ana kibanda cha chai karibu na mashamba. Chai, mahamri mawili, na kidonge cheupe pembeni mwa kisahani. Huombi. Kinakuja chenyewe, kama sukari. Nimepita pale tangu utotoni na sikuwahi kukiona.

Baraka alikuwa amesimama nyuma ya benchi, kofia mkononi. Uso wake ukabadilika. "Siti. Hata mimi. Tangu Jumanne. Mgongo ulikuwa unaniua kwa hiyo barabara, na huyo mama ananiwekea tu. Sikujua ni dawa. Si ni chai?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Vyote viwili, wala sikuwa na wakati.

Ikiwa Baraka alikimeza, basi dawa ya kupimia haijaharibika. Mashine ilisema kweli tangu jana, mimi ndiye niliyeikanusha. Lakini "ikiwa" haimfikishi mtu popote mbele ya Daktari Njeri. Nilihitaji damu safi ya kulinganishia, papo hapo. Nikakunja mkono wangu. Yule yule muuguzi wa friji akanichoma. Hakunikumbusha Jumanne, Mungu amlipe.

Kungoja mstari upande. Sijawahi kungoja kitu hivyo. Ukalala kidogo mwanzoni, kama kawaida yake. Kisha ukainuka. Na wa pili ukainuka. Damu yangu nzima. Mashine nzima. Basi ya Athumani ndiyo iliyolala: mstari wa kwanza kwa kidonge, wa pili kwa ajali yenyewe.

Nilirudi na karatasi zote tatu, yangu, ya Baraka, ya mdogo wangu. Daktari Njeri alikuwa amekwisha vaa glavu. Akasoma bila kugusa, nimemshikia. Kidonge nikamweleza kwa maneno machache. Halafu akatoa amri kama anayesoma orodha ya sokoni: chembe ziagizwe sasa hivi, yeye atafungua, atatoa bandama, ataziba kwa vitambaa, na hatamaliza hadi zifike. Paja lingoje. Akaniuliza kama nimekaa chini leo. Nikasema bado. Akasema nikae.

Baraka akaenda Mombasa kuzichukua, yeye na muuguzi. Nikawakimbilia hadi getini kuwaonya: msiziweke kwenye barafu. Damu nyingine huwekwa, chembe la. Muuguzi akaupakata mfuko wa chembe njia nzima, akiupembea polepole, na kivukoni Likoni watu wakamuuliza mtoto ana umri gani.

Zilifika. Zimeingia mwilini. Daktari ametoka amesema damu imepungua kutoka. Hakusema imekoma. Amesema imepungua.

Mama anasali. Mimi siwezi hata kukumbuka aya.

Jumamosi, 21 Juni

Damu imekoma alfajiri.

Nimempima tena. Mistari imeinuka, si sana, kama mtu anayeamka bila kutaka. Nimekaa chooni nikalia hadi kamasi.

Mama anasema mficha maradhi kilio humfichua. Nikamjibu Athumani hakuficha kitu. Hata Baraka hakudanganya. Mimi niliuliza kuhusu dawa, wao wakanijibu kuhusu dawa. Kidonge cha Bi Saumu hakimo humo. Kimo kwenye chai.

Jumanne, 24 Juni

Athumani amezungumza. Neno la kwanza maji. La pili mgongo. Anaumwa mgongo kuliko tumbo, anataka kidonge chake. Nimemwambia hapati. Akaniuliza sasa wenzake wakikatazwa watakata vipi.

Daktari Njeri ameagiza kila majeruhi aulizwe asubuhi hiyo alikula nini na alikunywa nini na wapi. Si dawa gani. Fundi wa Nairobi ameambiwa asije.

Nimeshuka Ramisi mchana kumwona Bi Saumu. Nilikuwa na maneno tayari tangu nyumbani, makali. Nikakuta wakataji kwenye mabenchi, viganja vimechanika, mmoja anainuka kwa kujishika kiuno kama mzee na hajafika thelathini. Maneno yakanikauka. Nikamweleza tu Bi Saumu kwamba vile vidonge huzuia damu kuziba kidonda, na mtu wake akiumia, yeyote atakayemleta atuambie amekunywa. Akasikiliza vizuri. Akaniuliza hali ya Athumani, akashukuru Mungu. Kisha akanitazama usoni. "Nawe unaumwa kichwa, mwanangu. Kaa."

Kweli kinauma. Hakijaacha tangu Alhamisi.

Akaleta chai, mahamri mawili, na kidonge pembeni mwa kisahani. Hakufikiri. Mkono wake ndivyo ulivyozoea.

Nilikitazama muda. Nilikitaka. Kisha nikakisogeza ukingoni mwa meza. Baraka hafai kwa sasa, kesho damu ya kulinganishia ni yangu.

Nikanywa chai tupu, kichwa kikiuma.