Yai la Kaka Onen

Gulu, 3 Februari 2009

Kaka Onen,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni goti tu. Mkeo Concy na watoto hawajambo? Simu umezima, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii.

Concy ameniambia umempiga Abudu, mchukuzi wa hapo Kikuubo unapolinda maduka, eti kwa sababu aliangusha sanduku likalia kama bunduki. Taya umevunja! Kaka, ni roho za wale uliowaua darajani vitani, zinakusumbua. Kwetu mtu akitoka vitani hukanyaga yai bichi njiani atakasike, ndipo aingie nyumbani. Wewe vita vya sabini na tisa vilipoisha ulibaki huko Kampala mpaka leo. Njoo, kuku wa yai nimeshamtenga.

Dada yako,
Akullo

Kampala, 20 Februari

Dada mpendwa,

Pole na goti. Sisi wazima. Abudu anakunywa uji kwa mrija, nimemwomba radhi.

Huyo kuku mle! Yai ni la watu wenye aibu. Mimi pale darajani risasi ziliniishia nikashika panga, nikakata mpaka mpini ukateleza kwa damu, wenzangu wote wakavuka. Aibu iko wapi? Jeshi letu liliposhindwa mwaka 86 wakubwa wakanisahau kabisa. Sasa wameniita, Juni navishwa medali ya vita vile. Nikiondoka wataniruka tena. Nikishavishwa, hao wa darajani watanyamaza.

Ndugu yako,
Onen

Gulu, 1 Machi

Kaka,

Nakusalimu. Goti afadhali.

Kumbe unawasikia! Medali inakaa kwenye shati, kaka, wao wako ndani. Njoo siku mbili tu, kisha urudi kwa wakubwa wako. Nakuomba kwa jina la mama.

Dada yako,
Akullo

Kampala, 30 Juni

Dada,

Salamu. Afya yangu usiniulize.

Walinivisha. Watu wakapiga makofi, Concy akalia kwa furaha. Halafu wakafyatua risasi za heshima hewani. Wallahi sikuona uwanja tena, niliona daraja. Nilimkaba sajini aliyesimama kando yangu. Walinivuta watu watatu, lakini shingo yake ilishavunjika. Dakika ile ile alikuwa amenipa mkono, akaniita mzee wetu. Ana watoto wadogo.

Nakuandikia kutoka jela. Medali wameichukua, wachukue tu. Yule kuku, ulimla?

Ndugu yako,
Onen

Gulu, 15 Julai

Kaka yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Concy na watoto wako hapa kwangu, wanakula, wanalala. Nimelia, nimekutukana, nimelia tena. Wazee wamekwenda kwa ndugu za marehemu kuomba kuzungumza suluhu. Walifukuzwa, watarudi tena.

Kuku sikumla. Ametotoa, na vifaranga wake watataga. Siku watakayokuachia, iwe lini, utakuta yai bichi njiani. Usiliruke. Kanyaga, mimi nitakuwa nimesimama upande wa pili.

Dada yako,
Akullo