Boneti Isiyoshika Sumaku

Jamal, leo Jumanne tarehe tisa nimejiharibia kabisa.

Msimamizi wa vibanda, yule huamua nani atafanya kazi hapa Mukurweini, ameniletea gari. Boneti nyeusi imepauka na jua, anataka ing'ae tena.

Nikaweka sumaku nipime kama ni chuma. Ikaanguka. Nikaweka tena. IKAANGUKA!

Nikamwambia mbele ya waendesha bodaboda wote, "Mkubwa, uliuziwa puti tupu!" Nikachukua patasi nikwangue hiyo puti ya kuzibia mabonde, nitafute chuma chini yake.

Jamal, patasi ikatokea upande wa pili!

Msimamizi akapiga nduru: "Hiyo ni kaboni faiba, mzee! Haina chuma!"

Kumbe kaboni faiba ni kitambaa kilichokaushwa na gundi! Ati serikali inaruhusu magari ya kitambaa na gundi, na sisi mafundi hakuna mtu ametuambia!

Marehemu mke wangu Phoebe angenishika mkono kabla sijapiga hiyo patasi.

Sasa huyo msimamizi amechungulia hiyo tundu, akaniuliza polepole: "Mzee, nikuachie kibanda kwa sababu gani?"